Magdalene Odundo na mtungi wa bibi yangu

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee udongo.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Nilipokuwa shule niliona aibu kulisema hilo mbele ya wenzangu. Kwetu sisi, msomi alikuwa mtu wa kalamu na tai. Mfinyanzi? Huyo ni yule aliyekosa shule. Ndiyo maana historia ya Magdalene Odundo imenigusa sana.

Huyu mama alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Akasoma India na Kenya, kisha akaingia Kabete Polytechnic kusomea sanaa ya biashara, yaani michoro ya matangazo na kadhalika. Mwaka 1971 akaenda Uingereza, chuo cha sanaa cha Cambridge. Huko ndiko udongo ulikomnasa.

Sasa angalieni alikokwenda kujifunza. Katikati ya miaka ya 1970 alifunga safari hadi Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja (mji ambao leo unaitwa Suleja). Kituo kilianzishwa na Mwingereza, Michael Cardew, lakini pale walikuwepo akina mama wa Kigwari, maarufu zaidi akiwa Ladi Kwali, ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Akina mama hawa hawakuhitaji gurudumu. Chungu kinakaa chini, mfinyanzi anakizunguka, anapandisha udongo kwa mkono. Odundo akarudi Kenya pia kutazama wafinyanzi wa kwao.

Mwaka 1976 akapata shahada Farnham, akafundisha Commonwealth Institute, London, hadi 1979, ndipo akaingia Royal College of Art na kumaliza 1982. Kazi zake hadi leo ni zile zile za mkono: anasugua chungu mpaka king'ae, anachoma kinatoka rangi ya chungwa, akichoma tena kwa hewa kidogo kinageuka cheusi. Mwaka 2020 Uingereza ikampa heshima ya "Dame".

Mtasema Ulaya ndiyo iliyomtoa. Sawa, vyeti vilitoka huko. Lakini ufundi wenyewe aliufuata kwa akina mama ambao sisi tunawaita hawakusoma.

Bibi yangu alifariki mwaka niliomaliza chuo kikuu. Katika wajukuu wote hakuna hata mmoja anayejua alikokuwa anachimba udongo wake. Mtungi umebaki mmoja, una ufa.

Je, wewe bibi yako alijua nini ambacho hukuwahi kumuuliza?