Majina ya Vyura wa Kioo

Katika sura ya pili ya Mwanzo, mwanadamu anawekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Mistari michache baadaye analetewa wanyama awape majina. Mara nyingi tunazihubiri kazi hizi mbili kana kwamba hazihusiani. Historia ya vyura wa kioo inatufundisha kwamba zinakwenda pamoja.

Vyura hawa wadogo huishi kando ya vijito vya misitu, kuanzia Mexico hadi kaskazini mwa Argentina. Ngozi ya tumbo lao hupitisha mwanga, na kwa baadhi yao moyo huonekana ukidunda. Jike hutaga mayai kwenye majani yaliyo juu ya maji, na katika spishi nyingi dume hubaki kuyalinda mpaka viluwiluwi wadondoke mtoni.

Mwaka 1862 Hispania ilituma wanasayansi Amerika Kusini. Mmoja wao, Marcos Jiménez de la Espada, alilivuka bara hilo kupitia Ecuador na mto Amazon. Mwaka 1872 alimpa chura mmoja jina la Centrolene geckoideum, wa kwanza katika jamaa hii kutambuliwa na sayansi. Waliofuata walichanganywa na vyura wa mitini, hadi mwaka 1951 Edward Taylor alipowatenga kuwa familia yao wenyewe.

Kilichowachelewesha watafiti ni chupa ya spiriti. Humo rangi ya kijani hufifia, sauti haipo, na vyura wa aina mbalimbali hufanana. Ilibidi watu wakeshe mitoni, wasikilize madume wakilia, wawatazame wakiwa hai. Mwaka 2022 Juan Guayasamin na wenzake walitangaza spishi mbili mpya za Ecuador, kutoka Mashpi na Toisán, zinazokaribiana sana kwa sura. Makao yao hayafiki kilomita 20, lakini bonde la mto Guayllabamba limewatenga, na vinasaba vilithibitisha tofauti. Leo spishi zaidi ya 150 zina majina.

Je, jina linamfaa nini chura? Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ecuador ilizuia uchimbaji wa madini katika msitu wa Los Cedros, baada ya kupokea ushahidi wa watafiti kuhusu viumbe wanaoishi humo. Kiumbe asiyejulikana hana wa kumtetea. Lakini jina pia huvuta wafanyabiashara: vyura wa kioo walianza kuuzwa nchi za mbali kama wanyama wa kufuga, hata mwaka 2022 mataifa yaliyokutana Panama yakakubaliana kuidhibiti biashara hiyo. Naye yule wa kwanza kupewa jina sasa yumo hatarini kutoweka.

Basi kutaja jina hakutoshi. Adamu aliletewa wanyama wakiwa hai, akiwa tayari amekabidhiwa bustani. Martin Luther, akieleza sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alimweka mwamini pamoja na viumbe vyote mbele ya Muumba mmoja. Anayeikiri imani hiyo na ajiulize: viumbe wa kijito kilicho karibu na kanisa lake, anawajua wangapi, na ni nani anayewatunza?