Udadisi (saikolojia)

Udadisi ni hamu ya kujua jambo kwa ajili ya kulijua tu, hata kama hakuna malipo. Daniel Berlyne, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Toronto, aliugawa mwaka 1954: upo udadisi wa hisi, unaoamshwa na kitu kigeni machoni au masikioni, na upo wa maarifa, ambao hautulii bila jibu.

Mwaka 1994 George Loewenstein wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alieleza kuwa udadisi huzuka mtu anapotambua pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Asiyejua chochote hana cha kuuliza. Anayejua kidogo ndiye anayewashwa. Wategaji wa vitendawili wa Kiswahili wanalijua pengo hili barabara: hutaja sifa za kitu na kukificha chenyewe, na wasikilizaji wakishindwa hawaambiwi jibu mpaka watoe mji.

Kusubiri huko kuna faida. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwauliza watu maswali, na kabla ya kutoa jibu wakawaonyesha picha ya uso wa mtu isiyohusiana na swali. Pale swali lilipowatia hamu kubwa, walilikumbuka vizuri zaidi jibu na hata ule uso.

Suala la zawadi ni gumu zaidi, na ndilo linalopaswa kuwashughulisha walimu na wazazi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora; la pili lilipewa cheti hichohicho bila kuambiwa mapema; la tatu halikupewa kitu. Siku zilipopita, kalamu ziliwekwa tena mezani, watoto wakaachwa wachague mchezo wautakao. Walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu hata kidogo. Kilichoharibu kilikuwa ile ahadi: mchezo uligeuka kazi ya kutafutia cheti, na cheti kilipokwisha kupatikana, kazi nayo ikaisha.