John Locke na dondoo zako za Kindle

Umepigia mistari sentensi kibao kwenye Kindle, ukachomeka waya, ukahamishia faili la dondoo kwenye kompyuta. Lifungue sasa: vitabu vyote vimechanganyika, kwa sababu dondoo zimefuatana kwa muda ulizihifadhi. Tasnifu utaiandikaje hapo?

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alipambana na rundo kama hilo, ila lake la wino. Mwaka 1686 alichapisha, kwa Kifaransa, njia aliyoitumia zaidi ya miaka 20. Kila dondoo ipe neno kuu, kisha andika namba ya ukurasa wake kwenye faharasa, kwa kufuata herufi ya kwanza na irabu inayoifuata. “Mbegu” inaenda M-e, “maji”, M-a. Faharasa nzima, kurasa mbili tu!

Kindle ilipoingia sokoni 2007 haikukuchagulia neno kuu. Liandike mwenyewe kama noti, palepale unapopiga mstari. Litatoka kwenye faili hilohilo, na utalitafuta kwa sekunde.