Maksini: uso unaohifadhi umeme

Maksini ni kundi la dutu zenye matabaka ya unene wa atomu chache tu, zinazotafitiwa kwa matumaini ya kupata betri na kapasita zinazojaa chaji upesi.

Ya kwanza ilitangazwa mwaka 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, mjini Philadelphia, Marekani, wakiwemo Michael Naguib, Yury Gogotsi na Michel Barsoum. Waliloweka kampaundi ya titani, alumini na kaboni katika asidi ya hidrofloriki. Asidi iliondoa alumini, yakabaki matabaka ya titani na kaboni.

Matabaka hayo hupitisha umeme kama metali, na ioni hupenya kati yake kwa urahisi. Mwaka 2014, elektrodi iliyotengenezwa Drexel ilifikia uwezo wa faradi 900 kwa kila sentimita ya ujazo.

Siri iko usoni. Kila tabaka hufunikwa na atomu za oksijeni, florini au nyinginezo, ambazo huathiri sana tabia yake. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakiongozwa na Dmitri Talapin walionyesha namna ya kubadilisha kifuniko hicho ndani ya chumvi iliyoyeyushwa. Mwaka 2023 waliunda maksini bila kutumia asidi hiyo hatari.

Hata hivyo, uso huohuo ndio udhaifu wake: katika maji na hewa, titani hugeuka polepole kuwa oksidi, na uwezo wa kupitisha umeme hupotea. Bila kuzuia uharibifu huo, maksini haitadumu katika vifaa vya kila siku.