Isooktani

Isooktani ni hidrokaboni iliyo kimiminika, yenye fomula C8H18, na ni mojawapo ya viambato vya petroli. Jina lake rasmi ni 2,2,4-trimethilipentani. Namba ya oktani inayoandikwa kwenye pampu za vituo vya mafuta, kama 91, 95 au 98, imetokana nayo.

Jina rasmi husomwa kuanzia mwisho. Pentani ni mnyororo mrefu kuliko yote ndani ya molekuli, wenye kaboni tano. Trimethili ni vikundi vitatu vya CH3 vilivyochipuka kama matawi. Namba huonyesha matawi yalipo: mawili kwenye kaboni ya pili, moja kwenye ya nne. Anayeanza kuhesabu upande mwingine atapata 2,4,4, lakini kanuni za IUPAC, chombo cha kimataifa cha kemia, hutaka namba ndogo zaidi.

Jina la mazoea lina kasoro. Kiambishi "iso" katika kemia ya zamani kilihusu mnyororo wenye tawi moja tu la methili, kwenye kaboni ya pili. Kwa kanuni hiyo isooktani ingekuwa 2-methiliheptani, ambayo namba yake ya oktani ni takriban 22 tu. Wenye viwanda vya mafuta walilitwaa jina hilo wakaipa molekuli nyingine, na hakuna aliyeweza kulirudisha.

Fomula C8H18 ina isoma 18, yaani molekuli zenye atomi zilezile zilizoungana kwa mpangilio tofauti, na tabia zao hupishana sana. Oktani ya mnyororo ulionyooka huchemka kwenye nyuzi 126 za Selsiasi. Isooktani huchemka kwenye 99, kwa kuwa molekuli zenye matawi hazishikamani vizuri. Lakini matawi yakizidi hadi molekuli ikakaribia umbo la tufe, kama ilivyo kwa 2,2,3,3-tetramethilibutani, hujipanga vyema hivi kwamba dutu hiyo ni yabisi hadi kwenye nyuzi 100 hivi. Isooktani yenyewe huganda kwenye nyuzi 107 chini ya sifuri. Haina rangi, haiyeyuki katika maji, na huelea juu yake kwa kuwa lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.69. Mvuke wake ni mzito karibu mara nne kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya mashimoni, ambako cheche ndogo inatosha kuulipua.

Katika injini ya petroli, plagi huwasha mchanganyiko wa mafuta na hewa, kisha mwali husambaa ndani ya silinda. Sehemu ambayo mwali haujaifikia hubanwa na kupata joto. Ikijiwasha yenyewe mapema, mafundi husema injini inagonga, na hali hiyo ikiendelea pistoni huweza kuharibika. Kujiwasha huko huanza pale hidrojeni zinaponyofolewa kutoka kwenye molekuli. Hidrojeni za vikundi vya CH2 hunyofoka kwa urahisi kuliko za CH3. Oktani iliyonyooka ina CH2 sita. Isooktani ina moja tu, pamoja na CH3 tano, na ndiyo maana huvumilia mgandamizo.

Mwaka 1927 Graham Edgar, mwanakemia wa kampuni ya Ethyl nchini Marekani, alichapisha pendekezo la kutumia isooktani kama kipimo. Isooktani ilipewa 100. Heptani iliyonyooka, ambayo hugonga upesi na wakati huo ilipatikana kwa kukeneka utomvu wa msonobari wa Jeffrey, ilipewa sifuri. Petroli ya 95, basi, ni ile inayogonga katika injini ya majaribio sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani, hata kama ndani yake isooktani ni kidogo. Madereva wengi huamini kwamba namba kubwa ni nguvu zaidi. Sivyo: namba hupima uvumilivu wa mafuta, na injini isiyobana sana hainufaiki na petroli ya bei ghali.

Viwandani, isooktani hupatikana hasa kwa alkilesheni: isobutani huunganishwa na buteni kwa kichocheo cha asidi ya salfuriki au hidrofloriki. Zao lake ni mchanganyiko wa alkani zenye matawi, usio na benzini na wenye salfa kidogo mno. Mahitaji yake yalipanda sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za kivita zilipohitaji mafuta ya oktani 100.