Wasomi wanavyoulizana na kujibizana mtandaoni

Vijana wetu wengi wa Pwani walio vyuo vikuu hukwama wanapofika kwenye utafiti. Kitabu hakipo, na msimamizi ana wanafunzi chungu nzima. Lakini ipo mitandao ya kijamii ya wasomi, ambako aliyeko Kilifi anaweza kumuuliza bingwa aliyeko Brazili bila kulipa nauli.

Mkubwa kati ya mitandao hiyo ni ResearchGate, ulioanzishwa mwaka 2008, wenye makao Berlin, Ujerumani. Msomi hujisajili kwa jina lake halisi, aghalabu kwa barua pepe ya chuo, akaweka maandishi yake. Anapouliza, hutaja mada, na swali likawafikia wanaoshughulika na mada hiyo. Majibu hubaki wazi, kwa hiyo swali la mmoja huwafaa wengi hata baada ya miaka.

Wanahisabati wana chao, MathOverflow, kilichoanza mwaka 2009. Mwaka 2010 muulizaji mmoja alitaka kujua mtu wa kawaida, asiye Gauss wala Euler, ataichangia nini hisabati. Aliyemjibu ni William Thurston, mshindi wa nishani ya Fields ya mwaka 1982. Alimweleza kwamba zao la hisabati ni uelewa, na uelewa huishi kwa watu kufahamishana.

Wakubwa hujibu, basi, ila swali liwe na adabu zake. Ukiandika "Nisaidieni data za mikoko", utapita kimya. Bora useme: "Napima miti Mida Creek. Kawaida unene wa shina hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3, lakini mkoko wa Rhizophora mucronata una mizizi inayoshuka kutoka shinani hadi juu ya kimo hicho. Nipime wapi?" Hapo umeonyesha mahali, aina ya mti, unachokijua na ulipokwama. Mjuzi atakujibu mara moja: pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Atakutajia na makala inayothibitisha.

Makala hiyo ndiyo kipimo cha jibu. Jibu lisilo na ushahidi ni maoni tu, hata likipendekezwa na wasomaji wengi. Mtazame aliyejibu: ameandika nini katika fani hiyo? ResearchGate wenyewe walikuwa wakiwapa watu alama iliyohesabu pia maswali na majibu yao, wakaiondoa Julai 2022. Alama haikutosha kuonyesha nani mjuzi.

Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, mwombe mwandishi nakala kwa faragha. Upo ufunguo wa kuombea, na wengi hutoa. Lakini usipakie hadharani makala ambayo haki zake ni za mchapishaji. Elsevier na American Chemical Society waliwahi kuishtaki ResearchGate mahakamani Ujerumani kwa sababu hiyo.

Kuuliza si ujinga, na kujibu si kwa maprofesa peke yao. Mwanafunzi aliyepima mikoko ya Mida kwa mikono yake anajua jambo ambalo bingwa wa mbali hajaliona. Naye akiulizwa, ajibu.