Kila Sheria na Majeruhi Wake: Historia ya Ushangiliaji wa Mashindano Marekani

Machi 2006, mjini St. Louis, fainali ya ligi moja ya mpira wa kikapu ya vyuo ilisimama. Mshangiliaji wa Southern Illinois alikuwa ameanguka kutoka juu ya piramidi, kimo cha takriban mita 4.5, akatua kwenye sakafu ya mbao. Alipata mtikisiko wa ubongo na ufa kwenye pingili ya shingo. Machela ilipokuwa ikisukumwa nje, bendi ikapiga wimbo wa chuo, naye, shingo ikiwa imefungwa, akachezesha mikono yake kama alivyofundishwa. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na televisheni zikairudia picha hiyo huku wengi wakimsifu kwa moyo wake. Waliokuwa na dhamana ya sheria walitazama sakafu: hapakuwa na godoro. Mwaka huohuo vyuo vikapigwa marufuku kujenga piramidi ndefu na kurushana juu kwenye viwanja vya kikapu bila magodoro.

Huo ndio mwendo wa historia nzima ya sheria za mchezo huu. Mtu anaanguka, kisha kifungu kinaandikwa.

Msomaji anayewajua washangiliaji kupitia filamu huenda anadhani kazi yao ni kutikisa vishada pembeni mwa uwanja. Ushangiliaji wa mashindano ni sarakasi. Kwa dakika mbili na nusu, kundi la watoto au vijana linapiga samasoti, linabebana mabegani na kumrusha mwenzao hewani azunguke kabla ya kudakwa. Anayerushwa mara nyingi ni msichana mdogo kuliko wote. Wanaomdaka ni wenzake wa rika lilelile.

Mwanzoni mambo hayakuwa hivyo. Novemba 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi Johnny Campbell alisimama mbele ya mashabiki akawaongoza kupiga kelele za kuiinua timu yao, na hapo ndipo wengi wanapoanzia kuihesabu historia ya kazi hii. Ilikuwa kazi ya wanaume, tena ya heshima: Dwight Eisenhower, rais wa baadaye, aliifanya katika chuo cha kijeshi cha West Point baada ya kuumia goti, na Ronald Reagan, naye rais wa baadaye, aliifanya chuoni Eureka. Wanawake wa Minnesota waliingia mwaka 1923. Kwa miongo mingi sheria hazikuhitajika, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuvunjika shingo kwa kupaza sauti.

Biashara ndiyo iliyougeuza ushangiliaji. Mwaka 1948 Lawrence Herkimer wa Texas alianzisha chama cha washangiliaji na kambi za mafunzo, akauza sare na vishada. Mwaka 1974 Jeff Webb, aliyekuwa akifanya kazi kwa Herkimer, alijitenga na kuanzisha kampuni yake, iliyokuja kukua na kuitwa Varsity. Webb aliona kwamba vijana wanataka sarakasi, na kwamba sarakasi inavutia kamera. Kuanzia 1983 televisheni ya michezo ya ESPN ikaonyesha mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari. Mbele ya kamera na waamuzi wanaotoa alama, anayeruka juu zaidi ndiye anayeshinda. Piramidi zikarefuka.

Katikati ya miaka ya 1980 bili ikaanza kufika. Mwaka 1986 mwanafunzi wa chuo huko North Dakota alifariki baada ya kuanguka kutoka kwenye piramidi. Mwaka 1987 kikaundwa chama cha makocha, AACCA, kikatoa mwongozo wa usalama na kuanza kuwapa makocha vyeti. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini chama hicho kilizaliwa ndani ya nyumba ya Webb, yaani aliyeandaa mashindano na kuuza sare ndiye pia aliyesaidia kuamua kimo cha piramidi. Mambo hayakubadilika sana mwaka 2003, ilipoundwa USASF kusimamia vilabu binafsi vya watoto. Varsity ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na mwaka 2004 ikainunua kampuni iliyomiliki chama cha Herkimer.

Hata hivyo, USASF ilileta wazo ambalo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko marufuku yote yaliyotangulia: ngazi. Mtoto anayeanza ngazi ya kwanza haruhusiwi samasoti ya hewani. Lazima mikono iguse sakafu. Ngazi ya pili bado hakuna samasoti. Ngazi ya tatu anaweza kupinduka nyuma hewani, lakini kwa kujikunja tu na baada ya kujipa kasi kwa namna iliyotajwa. Kubebana na kurushana navyo vina mipaka yake kila hatua. Kocha mwenye tamaa hawezi kumruhusu mtoto wa miaka minane afanye ya wakubwa ili apate kombe, kwa kuwa timu itakatwa alama. Msimu wa 2019 na 2020 mpangilio huo ulitanuliwa hadi ngazi saba, na hatua kati ya waliozoea na mabingwa ikapunguzwa ukali.

Ngazi hazikuzuia kila kitu. Agosti 2005, msichana wa miaka 14 wa Medford, Massachusetts, alirushwa mazoezini, akazunguka, akadakwa akiwa amelalia tumbo badala ya mgongo. Bandama ilipasuka na akafariki siku hiyohiyo. Mama yake amepita kwingi akidai makocha wafunzwe na wawe na mpango wa dharura. Miaka mitatu baadaye, katika mashindano ya Worcester, jimbo hilohilo, mshangiliaji wa miaka 20 alipigwa teke kifuani kwa bahati mbaya wakati wa mchezo, mapafu yakashindwa kazi, naye akafariki.

Chuo Kikuu cha North Carolina kilikuwa kikikusanya takwimu tangu 1982. Zilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya majeraha mabaya kabisa, yale ya kichwa, uti wa mgongo na vifo, miongoni mwa wanamichezo wa kike wa sekondari, yalitokana na ushangiliaji. Kwa majeraha ya kawaida, kama kuteguka kifundo, mchezo huu haukuwa mbaya kuliko mingine. Tatizo ni kwamba wanaoumia vibaya huumia vibaya kweli. Idadi ya waliopelekwa hospitali kwa dharura ilikuwa 4,954 mwaka 1980. Mwaka 2007 ilikuwa 26,786.

Mwaka 2012 ndipo mengi yakakutana. Sheria za sekondari zilifuta mshuko wa kuzunguka mara mbili kabla ya kudakwa, kwa sababu viwiko vya anayezunguka vilikuwa vikiwapiga wenzake usoni. Oktoba, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka piramidi za sekondari zisizidi watu wawili kwenda juu, sarakasi isifanywe kwenye sakafu ngumu, na ushangiliaji utambuliwe kuwa mchezo.

Hilo la mwisho lilikuwa kiini cha ugomvi. Shule nyingi ziliuita shughuli ya ziada, hivyo timu hazikupewa daktari wa michezo wala ukomo wa saa za mazoezi. Chuo cha Quinnipiac, Connecticut, kilijaribu njia ya mkato ya kuuhesabu kuwa mchezo: kilifuta voliboli ya wanawake na kuweka timu ya ushangiliaji. Wachezaji wa voliboli wakashtaki. Mwaka 2010 jaji alisema ushangiliaji haukuwa na mpangilio wala kanuni za pamoja za kutosha kuhesabiwa kama mchezo wa chuo, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2012. California ilipita njia nyingine: sheria ya 2015, iliyoletwa na mbunge Lorena Gonzalez, mshangiliaji wa zamani wa Stanford, iliufanya ushangiliaji wa mashindano kuwa mchezo rasmi wa shule za sekondari.

Julai 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua mchezo huu kikamilifu. Nyumbani Marekani, Varsity ilikubali kulipa dola milioni 43.5 na baadaye milioni 82.5 kumaliza kesi za wazazi na vilabu walioishutumu kwa kuhodhi soko, bila kukiri kosa.

Wazazi Waswahili mlioko Louisville, Houston au Minneapolis, ambao binti zenu wanarudi nyumbani na fomu ya kujiunga: kabla ya kutia sahihi, muulizeni kocha ana cheti gani, mazoezi yanafanywa juu ya nini, mtoto atawekwa ngazi ya ngapi na nani kaamua, na mpango wa dharura umeandikwa wapi. Akishindwa kujibu lolote kati ya hayo, tafuteni klabu nyingine.